Shule ya mtu ina nini cha kumridhisha mwalimu?

Swali: Nilihitimu shahada ya ualimu wa Kiswahili na Historia miaka miwili iliyopita, na tangu hapo nimekuwa nikifundisha katika shule ya serikali karibu na Iganga, hapa Uganda, kwa malipo madogo yanayotoka kwa wazazi, huku nikingoja Tume ya Utumishi wa Elimu itangaze nafasi. Sasa shule binafsi ya bweni upande wa Mukono imeniita. Baba yangu, ambaye ni mwalimu mstaafu wa serikali, anasema kwamba shule ya mtu ni kibarua, na kwamba walimu waliomo humo wote wanasubiri serikali iwachukue. Je, kuna jambo linalomridhisha mwalimu huko kwa kweli, au ni maneno ya kujifariji?

Jibu: Mwalimu mwenzangu, naomba nianze na mzee wako, kwa sababu amesema jambo ambalo walimu wengi wa shule binafsi hulikubali wanapokuwa peke yao. Mwalimu aliyeingia katika orodha ya mishahara ya serikali hulipwa Januari kama anavyolipwa Juni, hafukuzwi kwa sababu mwenye shule ameamka na hasira, na akistaafu ana pensheni ambayo hakukatwa shilingi kuichangia. Mimi nimefundisha miaka 26, saba serikalini na iliyobaki katika shule nne za watu binafsi, na sijawahi kuona shule binafsi iliyoweza kumpa mwalimu utulivu wa aina hiyo. Kwa hiyo anayekuambia kwamba raha ya shule binafsi iko katika usalama wa ajira anakudanganya.

Hata hivyo, mzee anakosea anaposema kwamba wote tunasubiri. Mimi nilitoka serikalini kwa hiari yangu, jambo ambalo ndugu zangu walilihesabu kuwa wazimu. Tena historia ya elimu ya nchi hii haimsaidii sana katika hoja yake, kwa kuwa shule ya Namilyango ilianzishwa mwaka 1902, Gayaza 1905 na Budo 1906, zote zikiwa za wamisionari, ilhali idara ya elimu ya serikali iliundwa mwaka 1925 tu. Leo shule hizo zinapata msaada wa serikali, na shule ya sekondari ya mtu binafsi imekuwa jambo la kawaida kiasi kwamba idadi yake imezipita zile za serikali. Ualimu nje ya serikali, kwa hiyo, ni kazi kongwe nchini kuliko huo wa serikali wenyewe.

Kinachoridhisha, kwa maoni yangu, ni ufupi wa njia kutoka kwenye wazo la mwalimu hadi darasani. Mengine yote nitakayokueleza ni matawi ya jambo hilo moja, na mahali ambapo halipo, shule binafsi haina kitu cha kukupa ambacho huwezi kukipata kwingine kwa mateso madogo zaidi.

Nikupe mfano kutoka katika somo letu. Nilipofika katika shule ya pili kati ya zile nne, Kiswahili hakikuwa katika ratiba kabisa. Nilimwendea mwalimu mkuu siku ya Jumatatu, naye akaniuliza maswali matatu: vipindi vingapi, vitatoka kwa nani, na vitabu vitagharimu kiasi gani. Alhamisi ratiba mpya ilikuwa imebandikwa katika chumba cha walimu, mwalimu wa Jiografia alikuwa ameninunia, na mimi nilikuwa na watoto 38 wasiojua hata kusalimu. Serikalini niliwahi kuomba vitabu vya hadithi kwa muhula mmoja na nusu. Hakuna aliyenikatalia, maana kila niliyemwendea alikuwa mtu mwema aliyenielekeza kwa mtu mwema mwingine, na fedha zilikuwa zimekwisha kupangiwa kazi kabla wazo langu halijazaliwa.

Ufupi huo wa njia una upande ambao watu hawausemi, nao ni kwamba unakuruhusu kukosea haraka na kurekebisha haraka. Katika shule hiyohiyo nilipendekeza Jumatano iwe siku ya Kiswahili, atakayeongea lugha nyingine apewe kazi ya kufagia. Nilijiona mwerevu. Matokeo yake ni kwamba Jumatano ikawa siku ya kimya kikuu, watoto wakawa wanaelekezana kwa vidole na kukonyezana kama watawa, na muuguzi wa shule akaniuliza kama kuna msiba. Baada ya wiki tatu nilifuta amri yangu mwenyewe. Ndipo nikagundua kwamba wapishi wetu wawili walikuwa wametoka Busia na walizungumza Kiswahili kizuri, nikawaomba wamhudumie kwanza kila mtoto atakayeomba chakula kwa lugha hiyo. Mama mmoja wa jikoni alikuwa mkali kuliko mimi. Mtoto akisema "maharage hii", mwiko unabaki hewani hadi aseme "maharage haya". Mpaka leo naamini kwamba upatanisho wa ngeli ulifundishwa vizuri zaidi kwenye foleni ya posho, yaani ugali, kuliko ubaoni kwangu, na hakuna ofisi yoyote iliyohitaji kuidhinisha jambo hilo zaidi ya mwalimu mkuu, ambaye alicheka tu.

Wewe utaingia katika wakati mzuri kuliko niliouingia mimi. Mtaala mpya wa sekondari ya chini ulioanza mwaka 2020 umekiweka Kiswahili miongoni mwa masomo ya lazima katika kidato cha kwanza na cha pili, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi, likashauri kwamba kifundishwe kwa lazima na kutahiniwa katika shule za msingi na za sekondari. Amri, kama ujuavyo, haifundishi mtoto. Shule nyingi zimebaki na somo katika ratiba lakini bila mwalimu wa kulifundisha, na baadhi ya wazee, hasa huku Buganda, bado wanaikumbuka lugha hii kama lugha ya kambi za askari na vizuizi vya barabarani. Mwalimu anayepewa idara isiyokuwepo jana, akaambiwa aijenge, anapata kazi ambayo wenzake wa Hisabati hawataionja kamwe, kwa sababu wao walikuta kila kitu kimejengwa na kazi yao ni kukitunza. Katika shule ya serikali kazi hiyo ingekuja pia, lakini ingekuja polepole, na ujana wako usingeisubiri.

Jambo la pili ni idadi ya watoto, na hapa nitahesabu badala ya kusifu. Chukua insha moja ya ukurasa mmoja, ambayo mwalimu makini huisoma na kuiandikia maoni kwa dakika 10. Darasa la watoto 40 linahitaji dakika 400, yaani saa 6 na dakika 40, kazi ya jioni mbili au tatu. Darasa la watoto 110 linahitaji dakika 1,100, ambazo ni zaidi ya saa 18, na hakuna binadamu mwenye mikondo mitatu ya namna hiyo anayeweza kutoa insha kila wiki. Kwa hiyo hatoi. Anatoa maswali ya kujaza nafasi, si kwa uvivu bali kwa hesabu. Ndiyo maana mtaala mpya, unaotaka mwanafunzi afanye miradi na kazi za darasani zinazochangia asilimia 20 ya alama yake ya mwisho huku mtihani wa UNEB, yaani Baraza la Mitihani la Taifa, ukibeba asilimia 80, unamfurahisha mwalimu mwenye darasa dogo na kumlemea mwenye darasa kubwa. Katika darasa la watoto 40 unaweza kumpeleka mtoto sokoni amhoji muuza samaki, arudi, aandike, asome mbele ya wenzake, nawe ukajua alichokifanya mwenyewe na alichofanyiwa na kaka yake. Nimeona pia shule binafsi zenye watoto 90 katika chumba kimoja, karo ikiwa ileile, kwa hiyo usidhani kwamba neno "binafsi" limepunguza watoto kabla hujawahesabu.

Kuna raha nyingine ambayo ni ya mwalimu wa Kiswahili peke yake, na nakiri kwamba ninapoifikia, kalamu yangu huchelewa kutoka. Shule za bweni za Mukono, Wakiso na Kampala hupokea watoto kutoka pande zote: Wakongo wa Goma na Bunia, Wakenya, Wanyarwanda, watoto wa Sudan Kusini, Wanubi wa Bombo, na wale wa Arua ambao wamezisikia lugha sita kabla ya kuanza shule. Katika masomo yote mengine mtoto wa Bunia hukaa nyuma akihangaika na Kiingereza, na walimu humwandika kuwa mzito. Katika kipindi chako anainua mkono kwa mara ya kwanza tangu afike. Nilikuwa na mmoja aliyeandika "batoto banacheza" katika insha yake ya kwanza, na darasa lote likamcheka. Nilimwita ubaoni, nikamwomba awafundishe wenzake kwa dakika 10 jinsi watu wa kwao wanavyosema, kisha nikawaonyesha Waganda waliokuwa wakicheka kwamba "ba" yake na "ba" ya Luganda katika neno "abaana" ni ndugu, na kwamba "wa" ya kitabuni ni ndugu yao wa tatu. Kicheko kikaisha. Mwaka uliofuata yeye ndiye aliyekuwa akinisahihishia matamshi ya kidato cha kwanza wakati wa maandalio ya jioni, ingawa katika maandishi yake mwenyewe sikumwachia ile "ba" hata mara moja, kwa sababu mtahini hatauliza anatoka wapi.

Kuhusu wazazi nitasema machache. Mzazi anayelipa karo huuliza maswali, na siku ya kutembelea watoto atakuja moja kwa moja kwenye meza yako akitaka kujua kwa nini binti yake ameshuka kutoka 78 hadi 61. Wako wanaouliza kana kwamba wamenunua gari bovu. Lakini wako pia wanaokuja kwa sababu wanataka kuelewa, na mkikutana nao mara tatu kwa mwaka kwa miaka minne, mnakuwa watu wawili mnaomlea mtoto mmoja. Serikalini niliwafundisha watoto ambao wazazi wao sikuwahi kuwaona hata siku moja, na kosa halikuwa lao.

Sasa nikueleze kinachoiua raha hii, maana nimeshuhudia ikifa.

Kwanza ni mwenye shule anayeuza matokeo. Katika shule moja niliyofundisha, ambayo sitaitaja, watoto waliamshwa saa 10 alfajiri, kidato cha pili walikuwa wakirudia maswali ya mitihani iliyopita badala ya kusoma, na mwalimu aliyewapeleka watoto bustanini kwa somo moja aliitwa ofisini kueleza ni alama ngapi zimepatikana bustanini. Ufupi wa njia niliousifu hapo juu hugeuka papo hapo kuwa kitanzi: anayeweza kukukubalia wazo kwa siku tatu anaweza pia kulifuta kwa sekunde tatu, na hakuna mtu wa tatu wa kumwendea. Nilikaa pale mihula miwili. Nilikuwa na mshahara mkubwa kuliko wakati wowote mwingine maishani, nami sikumbuki somo hata moja nililolifundisha humo.

Pili ni fedha za likizo. Shule nyingi binafsi hulipa miezi tisa na kumwacha mwalimu ajue mwenyewe jinsi ya kula Mei, Septemba na Januari, na hata hiyo miezi tisa hutegemea karo imeingia lini. Ubaya wa mpango huo ulionekana wazi shule zilipofungwa kuanzia Machi 2020, zikafunguliwa kikamilifu tarehe 10 Januari 2022. Walimu wa serikali waliendelea kulipwa. Sisi tuliambiwa tuvumilie, na baada ya miezi miwili hata salamu za kututaka tuvumilie zikakoma. Mwenzangu wa Fizikia aliendesha bodaboda, wa Kemia alifyatua matofali, mimi nilifuga kuku wa nyama na nikapata hasara katika kundi la kwanza kwa sababu niliwanunulia chakula cha kuku wa mayai. Wengine hawakurudi darasani, na siwalaumu. Baba yako aliyaona hayo akiwa na hundi yake mkononi, kwa hiyo anapokuonya ana sababu.

Tatu ni upweke wa kisheria, yaani kufanya kazi bila karatasi. Hili, tofauti na mengine mawili, unaweza kulizuia kabla hujafunga sanduku lako. Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inakupa haki ya kupewa masharti ya kazi yako kwa maandishi, na ukishatimiza mwaka mmoja kazini huwezi kuachishwa bila notisi ya angalau mwezi mmoja, isipokuwa kwa kosa kubwa. Tangu marekebisho ya mwaka 2022 ya sheria ya NSSF, yaani Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, kila mwajiri anapaswa kuchangia, hata kama ana mfanyakazi mmoja. Mshahara ukiwa shilingi 900,000, wewe unakatwa asilimia 5, ambayo ni 45,000, naye anaongeza asilimia 10, ambayo ni 90,000. Jumla ni 135,000 kwa mwezi, na 1,620,000 kwa mwaka kabla ya faida. Hiyo ndiyo pensheni yako wewe uliye nje ya serikali, na utaichukua ukifikisha miaka 55. Mwenye shule anayekuambia "tutaliangalia baadaye" amekwisha kukujibu. Usitosheke na mistari iliyo katika hati ya mshahara, kwa sababu nimewahi kukatwa fedha ambazo hazikufika popote kwa miezi 14. Fungua akaunti yako ya NSSF kwenye simu kila mwezi uone kama fedha zimeingia.

Kuhusu kiwango cha mshahara chenyewe, linganisha kwa haki. Mwaka 2022 serikali ilipandisha mshahara wa mwalimu wa sayansi mwenye shahada hadi shilingi milioni 4, wakati mwalimu wa masomo ya sanaa, yaani mimi na wewe, alibaki akipata karibu robo ya kiasi hicho, na mgomo wa walimu wa sanaa wa mwaka ule haukubadilisha mengi. Kama ungekuwa mwalimu wa Fizikia, ningekuambia ungoje tume ukiwa umekaa kwenye ngazi za ofisi yake. Kwa mwalimu wa Kiswahili, pengo la fedha kati ya serikali na shule binafsi inayolipa vizuri ni dogo, na pale inapotoa nyumba na chakula, wakati mwingine pengo hilo hutoweka. Linalobaki ni pensheni na uhakika, na hayo mawili uyapime mwenyewe ukijua majukumu uliyonayo nyumbani.

Barua yako haisemi shule hiyo ya Mukono ikoje, kwa hiyo siwezi kukuambia uende au usiende. Ninachoweza ni kukueleza jinsi ya kuisoma. Omba kwenda siku ya kawaida, usikubali kuitwa siku ya sherehe. Ukifika, uliza ni walimu wangapi wamekaa zaidi ya miaka mitano, kisha umtafute mmoja wao bila mwalimu mkuu kuwepo, umuulize alilipwaje Januari iliyopita. Mwombe mwalimu mkuu akueleze jambo moja ambalo mwalimu wa kawaida alilipendekeza mwaka huu na likafanyika. Akitaja la mwenye shule, au akianza kutaja majengo, andika hilo katika daftari lako. Uliza pia utapewa vipindi vingapi kwa wiki. Vikizidi 28, ile hesabu yangu ya insha imekufa hata kama watoto ni 40.

Mwisho, omba ruhusa ukae nyuma ya darasa la kidato cha pili kwa kipindi kizima, somo lolote. Usimtazame mwalimu sana, kwa sababu siku hiyo atafundisha kwa ajili yako. Chukua madaftari ya watoto watatu wa safu ya nyuma uyafungue katikati, kwenye kurasa za wiki sita zilizopita, wakati hakuna aliyejua kwamba ungekuja. Ukikuta wino mwekundu umeandika maneno, hata kama ni machache na mwandiko wenyewe ni wa mtu aliyechoka, kuna mwalimu katika shule hiyo anayepata muda wa kumsoma mtoto. Ukikuta alama za vema tupu ukurasa baada ya ukurasa, rudi Iganga uendelee kungoja tume, na umsalimie mzee.